Kihisi Hakina Kitenzi

Wageni wengi wafikapo Hell's Gate, mbuga iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, huwa wamekuja kwa ajili ya twiga, punda milia na nyati. Hiyo ni mojawapo ya mbuga chache nchini Kenya ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na kila mmoja hutaka kurudi nyumbani akisimulia jinsi alivyopishana na mnyama mkubwa pasi na kioo cha gari kati yao. Chini ya Mnara wa Fischer, hata hivyo, kuna wenyeji wasiotajwa sana katika masimulizi hayo. Ni pimbi, wanyama wadogo wanene wasio na mkia, ambao kila asubuhi hujipanga juu ya miamba wakiota jua mithili ya wazee wa baraza. Nje ya mbuga, katika mashamba ya viazi na mahindi yanayopanda kuelekea Kinangop, yuko mwenyeji mwingine asiyeonekana kabisa. Huyo ni fuko. Mkulima humjua kwa vichuguu vya udongo anavyoviacha na kwa mashina ya viazi yanayonyauka bila sababu ya kuonekana.

Makala haya yanawahusu wawili hao. Msomaji wa jarida letu ana haki ya kuuliza: pimbi na fuko wana nini na wanafunzi wa Kiswahili? Jibu langu ni kwamba wana mengi. Siku hizi sayansi imebuni vihisi vidogo sana vinavyovishwa wanyama wa namna hiyo ili vitueleze mienendo yao. Vihisi hivyo hutoa tarakimu. Havitoi maneno. Maneno hutiwa na binadamu, na binadamu hutia maneno ya lugha anayoifanyia kazi. Dai langu ni kwamba kazi hiyo ya kutia maneno ni kazi ya lugha kama ilivyo ya biolojia, na kwamba sisi tunaojiita wataalamu wa Kiswahili tumeikimbia.

Guka na kijiti chake

Guka yangu ni mtega fuko. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na majirani humlipa kwa kila fuko anayenaswa. Mtego wake ni kijiti kirefu kinachopinda, uzi, na kitanzi cha waya kinachotegwa katika tundu lililofunguliwa makusudi. Siri ya mtego imo katika tabia ya mnyama mwenyewe. Fuko hapendi mlango wazi. Upepo na mwanga vikipenya katika njia yake ya chini kwa chini, yeye huja kuiziba. Akija akisukuma udongo, uzi unaozuia kijiti hukatika, nacho kijiti hufyatuka.

Likizo iliyopita nilitaka kumfurahisha guka. Nilikuwa nimesoma matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 kuhusu jamaa ya fuko wetu, yule fuko mkubwa wa milima ya Bale nchini Ethiopia. Watafiti walimvisha kifaa cha redio, wakaifuatilia ratiba yake ya siku nzima. Guka alifanya kazi miaka mingi katika shamba la maua kando ya ziwa, pamoja na watu wa kila kabila la Kenya, na tangu nijiunge na chuo kikuu hupenda tuzungumze Kiswahili. Nikaanza kumweleza.

"Na hicho chombo," akaniuliza, "kilisema mnyama anafanya nini?"

"Guka, kinasema yuko kiotani au yuko nje ya kiota."

Guka akacheka. "Nje ya kiota akifanya nini, mjukuu wangu? Anafukua au anafukia? Kama chombo hakijui hilo, mimi na kijiti changu tumekishinda."

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo. Tazama jinsi lilivyoundwa. Fukua na fukia ni jozi tunayoifundisha darasani katika mada ya mnyambuliko: mzizi ni ule ule, mabadiliko ya irabu moja tu, na kitendo kinageuka kuwa kinyume chake. Kwetu sisi huo ni mfano wa kitabuni. Kwa guka ni tofauti kati ya fuko anayekula mazao na fuko anayekuja mtegoni. Ni tofauti hiyo hiyo ambayo mtafiti angependa kifaa chake kimwambie.

Kifaa kinasema nini hasa?

Ni vyema kueleza kwa muhtasari jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, maana hatuwezi kuhojiana juu ya jambo tusilolielewa.

Historia yake haikuanza jana. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walieleza jinsi ya kuunda kisambaza redio kidogo cha kuwekwa katika mnyama wa jamii ya kindi aishiye mashimoni, na kufikia mwaka 1963 ufuatiliaji wa wanyama kwa redio ulikuwa umekwisha kuwa mbinu kamili. Redio hiyo ilijibu swali moja tu: mnyama yuko wapi? Baadaye kikaja kifaa cha kupima mchapuko, yaani mabadiliko ya kasi. Kifaa hicho hupima mtikisiko wa mwili katika pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Tuseme kinapima mara 25 kwa sekunde. Hizo ni tarakimu 75 kwa sekunde moja, na kwa siku nzima ni tarakimu 6,480,000 kutoka kwa mnyama mmoja. Viko pia vihisi vya ukaribu, ambavyo hurekodi ni nani aliyekaribiana na nani, na kwa muda gani.

Kizuizi kikubwa ni uzito. Kwa mazoea ya watafiti, kifaa hakipaswi kuzidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na wako wanaotaka kiwango cha chini zaidi ya hicho. Pimbi wa kilo 3 anaweza, kwa hesabu hiyo, kubeba hadi gramu 150. Fuko wa gramu 200 hubeba gramu 10, sawa na karatasi mbili za kawaida za kuandikia insha. Panya wa gramu 20 hapaswi kubeba zaidi ya gramu 1. Ndiyo maana kwa muda mrefu wanyama wakubwa kama ndovu na simba walijulikana vizuri kuliko hawa wadogo, ingawa wadogo ndio wengi na ndio wanaoishi karibu nasi. Fuko naye ana shida yake ya pekee: ishara za setilaiti hazipenyi udongoni, hivyo kifaa cha kuonyesha mahali kwa setilaiti hakimfai awapo shimoni mwake.

Faida za vihisi hivi hazina ubishi. Mwaka 2019 zilichapishwa habari za popo wanyonya damu wa Panama waliofungwa pamoja kwa takriban miaka miwili, kisha wakaachiliwa wakiwa na vihisi vya ukaribu vya chini ya gramu 2. Ikabainika kwamba urafiki walioujenga kifungoni haukufa walipopata uhuru. Mwaka 2022 watafiti wa Ein Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, walichapisha matokeo ya kuwavisha pimbi kola za namna hiyo. Kwa miaka mingi pimbi wale walikuwa wakitazamwa mchana. Vihisi vilionyesha kwamba maisha yao ya kijamii hayakatiki jua linapotua, na kwamba usiku nao una sehemu kubwa katika kuamua ni nani mwandani wa nani. Jicho la binadamu lisingaliweza kuyaona hayo gizani.

Mahali lugha inapoingia

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. Tarakimu 6,480,000 hazisemi "pimbi anakula". Zinasema 0.2, 0.9, 0.1 na kadhalika. Ili zipate maana, sharti mtu akae mwambani na darubini, amtazame mnyama aliyevishwa kifaa, na kila kitendo anachokiona akiandikie jina na saa yake. Kisha programu ya kompyuta hufundishwa kulinganisha mtikisiko na jina. Ikishafuzu, huweza kuyataja majina yenyewe hata pale ambapo hakuna mtu anayetazama. Lakini haiwezi kutaja jina ambalo haikupewa. Mashine ni mwanafunzi hodari asiyejua neno hata moja nje ya orodha ya mwalimu wake.

Orodha hiyo ya vitendo kwa kawaida huwa fupi: kula, kutembea, kukimbia, kupumzika. Hebu tuchukue "kupumzika". Pimbi aliyejinyoosha mwambani akiota jua ametulia. Pimbi aliyejibanza katika ufa wa mwamba kwa sababu tai anapita juu naye ametulia. Kwa kifaa, wawili hawa wanaweza kufanana sana. Orodha ikiwapa jina moja, starehe na hofu zitaingia katika safu moja ya jedwali, na hakuna hesabu itakayozitenganisha tena. Yule aliyechagua neno ndiye aliyeamua kitakachojulikana.

Sisemi kwamba Kiswahili kina uwezo ambao lugha nyingine hazina. Kiingereza nacho kina maneno ya kuota jua na ya kujibanza. Ninalosema ni kwamba orodha hutungwa na mtu, na mtu hutunga kwa lugha anayofikiria na kwa maarifa ya watu anaozungumza nao. Orodha ya fuko ikitungwa ofisini mbali na Naivasha, kufukua na kufukia vitakuwa "kuchimba". Ikitungwa pamoja na guka, vitakuwa vitendo viwili, na huenda kukawa na cha tatu na cha nne: kukata mizizi kwa meno, na kule kutulia tuli ambako guka hukuita kusikiliza.

Jina lilikwenda, maarifa hayakurudi

Tunayo historia inayofundisha katika jambo hili. Katika misitu ya pwani yetu anaishi sange, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Galen Rathbun alitumia saa nyingi kuwafuatilia sange wa Gedi, akagundua kwamba dume na jike hushirikiana eneo moja ingawa ni nadra kuwakuta pamoja. Wazungu walikuwa wakimwita mnyama huyo kwa jina linalomfananisha na tembo na kirukanjia. Mwaka 1997 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa mamalia wa Afrika, alipendekeza aitwe "sengi", jina la asili ya Kibantu lililo ndugu ya sange letu. Jina hilo limekubalika. Leo mwanasayansi wa Ujerumani au wa Marekani hutamka sengi bila kusita.

Tunapaswa kulifurahia hilo, lakini furaha isitupofushe. Lugha zetu zilitoa jina, na vitabu vikaandikwa. Ni vingapi kati yake vilivyorudi kwa Kiswahili ili mtoto wa Gedi asome habari za jirani yake? Mwaka 2012 ilichapishwa makala iliyoonyesha kwamba nyimbo za pimbi dume zina mpangilio wa kisintaksia na zina lahaja zinazotofautiana kwa maeneo. Lahaja! Sisi tunaokesha tukilinganisha Kimvita, Kiamu na Kiunguja ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuipokea habari hiyo, tukauliza kama pimbi wa Naivasha huimba sawa na wa Bahari ya Chumvi. Wangapi kati yetu waliisikia?

Fauka ya hayo, suala hili si la kujifurahisha kwa elimu tu. Katika eneo la Gilgil, si mbali na Naivasha, kuna ugonjwa wa vidonda vya ngozi uitwao leishmaniasi, unaoenezwa na visubi. Pimbi ni miongoni mwa wanyama wanaoshukiwa kuwa na vimelea vyake. Kujua pimbi hulala wapi, hukaribia makazi ya watu saa ngapi na huchanganyika na nani ni jambo la afya ya watoto wa wafugaji na wakulima wa huko. Mwanasayansi akilijua na mama mwenye nyumba karibu na mwamba asilijue, maarifa hayo yamefika nusu ya safari. Mama huyo hatayasoma katika jarida la ng'ambo.

Pingamizi na majibu

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ni kongwe na imechoka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo letu si uhaba wa istilahi. Ni kwamba istilahi hulala rafuni pasi na mtu wa kuzitumia, kisha tunabuni nyingine. Chukueni mnyama huyu mmoja: pimbi, wibari katika Biblia, kwanga kwa wengine, na perere kwa yule wa mitini. Chukueni kifaa chenyewe: wako wanaokiita kihisi, kitambuzi, hata sensa. Istilahi haikomai katika kamusi. Hukomaa katika kazi.

Pili, itasemwa kwamba mtafiti hulazimika kuandika kwa Kiingereza ili asomwe duniani. Ni kweli, wala sidai aache. Nadai aandike pia kwa wale waliomwonyesha shimo lilipo. Huko Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na wengine wamekuwa wakifunzwa kubeba vifurushi vidogo vya vifaa mgongoni ili watafute watu chini ya vifusi. Wakufunzi wao wengi ni Watanzania. Mtu asiniambie kwamba mambo hayo hayasemeki kwa Kiswahili.

Tatu, na hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu zaidi, itasemwa kwamba Naivasha ina lugha zake, Kikikuyu na Kimaa, na kwamba Kiswahili kikija na daftari lake kitazimeza kama Kiingereza kilivyotaka kukimeza. Hatari hiyo ipo. Lakini Naivasha ya mashamba ya maua ni mji wa watu kutoka kila pembe ya nchi, na wanapokutana wao huzungumza Kiswahili. Tena Kiswahili kinaweza kuwa ghala badala ya kuwa mmezaji. Wakikuyu humwita fuko "huko", kama wanavyomwita fisi "hiti". Mwanaisimu yeyote anaona mara moja uhusiano wa sauti baina ya /h/ hiyo na /f/ yetu. Daftari linaloweka huko kando ya fuko, pamoja na maelezo ya mtegaji, halimnyang'anyi mtu chochote.

Tufanyeje?

Sipendi kulalama bila kupendekeza, kwa hiyo nina mambo matatu.

La kwanza ni la kisera. Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, ina makao yake papo hapo Naivasha. Ndiyo iliyokabidhiwa jukumu la kuratibu utafiti wa wanyamapori nchini. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Basi kila utafiti wa kumvisha mnyama wetu kifaa ukamilike kwa muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, uwekwe katika ofisi za chifu na shule za jirani. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kola.

La pili ni la idara zetu. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya maudhui ya riwaya zile zile? Siidharau fasihi, maana ndiyo iliyonileta hapa. Lakini mwanafunzi mmoja kila mwaka angaliweza kukusanya vitenzi vya mienendo ya wanyama kutoka kwa wategaji, wachungaji na waongoza wageni, na kuvieleza kwa makini. Hiyo ni leksikografia halisi.

La tatu ni la chama chetu. Huandaa ziara za kila mwaka kwenda Lamu, Mombasa na Zanzibar, na ni vizuri. Mwaka mmoja twende Hell's Gate. Tukae chini ya mwamba pamoja na wanafunzi wa biolojia, wao na darubini, sisi na daftari. Wao watuambie wanachokiona. Sisi tuwaulize, kama alivyouliza guka: anafanya nini hasa?

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Vihisi vinazidi kuwa vidogo, na siku si nyingi hata panya wa shambani atabeba chake. Tarakimu zitamiminika. Iwapo hatutakuwapo wakati zinapopewa majina, zitapewa majina na wengine, nasi tutajifunza habari za fuko wa mashamba yetu kwa tafsiri ya tafsiri.

Guka bado anasubiri jibu. Nimemwahidi kwamba nikipata makala inayosema kama fuko wa Bale alikuwa akifukua au akifukia, nitamsomea. Alinitazama, akakunja waya wake, akasema: "Usinisomee tu, mjukuu wangu. Waambie waje waniulize."